Kitambaa Chekundu Getini

Nkuhungu, Dodoma
12 Januari 2025

Kaka Abeli,

Shikamoo. Na mbukwa pia, usije ukasema makao makuu yamenisahaulisha Kigogo. Huku hatujambo. Mama kule Mvumi goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Juzi nimempelekea dawa akaniambia nimenunua za bei rahisi, na ni kweli. Mvua imegoma. Uwele umechungulia, umeona jua, umejuta. Wifi Elieth msalimie sana, mwambie mimi na mama bado tunamjua kwa picha tu. Harusi mmefunga huko Mpanda kimyakimya kama watu walioiba mbuzi!

Umesema nisipige simu, niandike, kwa kuwa marehemu baba alitulea kwa barua. Haya bwana, naandika. Lakini kondakta wa basi la Mpanda ameanza kudhani nina mchumba huko.

Sasa nisikilize. Unakijua kikundi chetu cha kuzoa taka. Guta letu la magurudumu matatu linapita mtaani, Silvano dereva anapiga honi, watu wanatoka na viroba vyao, wanamwaga, tunasonga. Asiyetoka, shauri yake. Ndivyo tulivyofanya kazi tangu tuanze, na nilijiona mjanja.

Makole kuna fundi cherehani anaitwa Yasinta. Huyo hatoki hata siku moja. Taka zinaoza uani kwake, majirani wanaziba pua, afisa afya kamwandikia onyo. Mimi nami nikasema huyu dada ana kiburi, nikawa nasimama getini kwake nabwata mpaka koo linakauka. Wiki iliyopita nikachoka, nikasukuma geti. Nimemkuta anashona, mgongo kanipa. Nikampigia kelele. Kimya. Nikamgusa bega, akaruka, nusura sindano imtoboe kidole. Kaka, Yasinta hasikii! Ni kiziwi tangu utotoni. Honi zote zile tulikuwa tunaipigia hewa. Nikakaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa.

Tukaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Jamani, kumbe wapo wengi! Mzee Elisante wa Chang'ombe haoni. Honi anaisikia vizuri, ila kati yake na barabara kuna mtaro usio na daraja. Mama mmoja ana kiti cha magurudumu, na ubao wa guta letu uko juu ya kichwa chake. Tumempelekea fundi guta, ameshusha ubao wa nyuma na kuweka mshikio. Yasinta mwenyewe tumemwajiri, anatufundisha lugha ya alama, na Silvano anavyoikosea utacheka ufe.

Bado tunatafuta mtu wa kukaa ofisini, apokee simu na kuandika nani anahitaji nini. Nimemfikiria Frida wako. Miguu yake haimbebi lakini kichwa chake kinabeba mambo, na sauti anayo. Akimaliza shule huko Iringa mlete kwangu. Nyumba haina ngazi. Mwambie shangazi yake anamngoja.

Wako mdogo,
Penina


Mpanda
9 Februari 2025

Mpendwa dada Penina,

Marahaba. Barua yako imefika salama, ingawa kondakta kweli alinitazama kwa jicho la udadisi. Sisi ni wazima. Ng'ombe wa huku wameingiliwa na homa ya mapafu, kwa hiyo idara yetu ya mifugo haina kupumzika, nami nachelewa kurudi nyumbani. Elieth hajambo, ni mjamzito. Tunamshukuru Mungu. Naomba jambo hilo mama alisikie kutoka kwangu.

Nimefurahishwa na kazi yako. Ni huduma ya utu. Lakini kama mkubwa wako niruhusu nikutahadharishe: haraka haraka haina baraka. Watu wenye matatizo ya namna hiyo wana familia zao, na familia zina taratibu zake. Usiingie kila ua kwa sababu tu una guta.

Frida hajambo, anakusalimu. Masomo yamembana. Kuhusu kazi, tutazungumza wakati ukifika.

Ile nyumba yangu ya Chang'ombe msijisumbue nayo. Mama Zaidi anayeitunza huchoma taka mwenyewe shimoni. Ni mama mtu mzima, hapendi kugongewa geti.

Nisalimie mama. Na tafadhali, simu usipige. Juzi ulipiga, akapokea Elieth, ikabidi nieleze eleze. Barua zinatosha.

Kaka yako,
Abeli


Nkuhungu
8 Machi 2025

Kaka Abeli,

Shikamoo, na hongera ya mtoto! Nimepiga vigelegele mpaka mpangaji wa jirani kaja kuuliza. Mama sijamwambia, nimeuma ulimi kama ulivyotaka. Hajambo. Mvua mbili zimenyesha, mlenda umeota mpaka njiani.

Wewe nawe unaeleza eleza nini kwa mkeo, mimi si dada yako? Haya, yaishe.

Nikwambie kituko, ila usimhadithie mtu. Tulikaa kikao tukasema: nyumba yenye mtu asiyeweza kuleta taka barabarani itundike kitambaa getini, nasi tukikiona tutaingia mpaka ndani, tutachukua wenyewe. Tukabishania rangi. Nyeupe italiwa na vumbi. Kijani itafichwa na miti. Mimi kwa akili zangu nyingi nikasema nyekundu! Inaonekana mbali. Wote wakakubali. Tukafunga kipaza sauti kwenye guta tukatangaza Makole, Nkuhungu na Chang'ombe yote: "Mwenye ulemavu, tundika kitambaa chekundu getini, tutaingia mpaka ndani!"

Kaka, hivi mji huu ukiona kitambaa chekundu nje ya nyumba unaelewa nini? Hata mtoto anajua. Ni msiba!

Asubuhi ya kwanza Mzee Elisante katundika chake, kakaa barazani anakunywa uji. Mara akasikia kina mama wanaingia wanalia, "Baba yetu! Umetuacha na nani!" Mzee wa watu haoni, anauliza tu, "Kafa nani? Jamani, kafa nani?" na bakuli limemtoka mkononi. Mwingine keshabwaga kuni, mwingine anapepeta mchele, wanaume wanaulizana turubai liko wapi. Walipomwona kakaa kitini, wawili walikimbia. Nilipofika niliombwa maelezo na mtaa mzima, na mwenyekiti wa mtaa alinishikia kiuno. Nilitamani ardhi inimeze. Katika wanakikundi wote wale, wote wamezika, wote wamekaa matangani, hakuna hata mmoja aliyekumbuka!

Tumebadilisha, sasa ni njano. Tunatangaza upya, tutafika Chang'ombe baada ya wiki mbili. Mzee Elisante amesamehe, anasema angalau amejua nani angemlilia na nani angekuja kula tu.

Jingine. Nilimtumia Frida kifurushi cha sabuni na zabibu kavu pale shuleni Iringa. Kimerudi. Wameandika juu, "Hayupo". Amehama shule? Nipe anwani mpya.

Penina


Nkuhungu
24 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa nimelelewa kuiandika.

Hujajibu barua yangu ya mwisho. Nilikuwa nangoja anwani. Sasa siihitaji.

Jumamosi tulikuwa tunaingia Chang'ombe kutangaza habari ya njano. Kwa mbali nikaona watu wanaelekea upande wa nyumba yako, kina mama wamejitanda kanga, mmoja ana ndoo ya unga kichwani. Nikamwambia Silvano, Mungu wangu, mwingine tena katundika chekundu. Tukakata kona. Lango ni lako. Na kwenye nondo za lango, chini kabisa, karibu na ardhi, imefungwa mikono ya sweta jekundu la shule.

Nikajua Mama Zaidi amekufa. Niliruka guta kabla halijasimama.

Kina mama walikuwa wameshaingia. Nyumba ya msiba haibishwi hodi, unaijua desturi. Mama Zaidi alikuwa gulioni Sabasaba, na geti limefungwa kwa komeo la ndani tu, limeacha nafasi ya mkono kupita. Uani wamekaa chini wamemzunguka mtu. Wanamwambia pole mwanangu, pole, jikaze. Wamemkumbatia wanalia naye, naye amewang'ang'ania, analia kwa sauti ambayo sijui niiandikeje. Walidhani ndiye mfiwa.

Ni Frida, kaka. Frida wetu. Magoti yamechunika kwa kujikokota kutoka chumba cha uani mpaka getini. Nywele hazijasukwa sijui tangu lini. Mweupe kama mtu aliyetoka ugonjwani, kwa kukosa jua.

Mama mmoja akamuuliza, "Kwani nani amefariki, mwanangu?" Akajibu, "Hakuna aliyekufa. Nasubiri watu wa taka."

Akaniona nimesimama na glavu zangu mkononi. Akasema, "Shangazi, nilisikia kipaza sauti. Mlisema mtaingia mpaka ndani."

Yasinta hakuwa amesikia neno lolote, lakini ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alimwinua kama anavyomwinua mwanawe, akamkalisha kwenye guta, akamfuta uso. Taka zake kweli alikuwa nazo, kaziweka kwenye mfuko wa rambo pembeni yake, kafunga vizuri. Silvano alizichukua.

Mama Zaidi aliporudi na nyanya zake akakuta watu, alikaa chini akajifunika kanga usoni. Chakula alimpa, alimwogesha, hilo Frida mwenyewe anashuhudia. Anasema alipewa amri moja: mtoto asionekane. Nilimuuliza amri ya nani. Hakutaja jina.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Kulikuwa na nini? Nani alimtoa shule? Kiti chake cha magurudumu kiko wapi? Ulipoandika "Frida hajambo, anakusalimu," alikusalimia lini? Mimi naishi Nkuhungu, naye yuko Chang'ombe, guta langu linapita nyuma ya ukuta wake, ananisikia nikitangaza, nami namtumia zabibu Iringa! Nimekukosea nini hata uniache nipite hivyo?

Yapo mengine ameniambia. Siyaandiki.

Yuko kwangu. Nijibu.

Penina


Mpanda
13 Aprili 2025

Dada Penina,

Marahaba. Sisi ni wazima. Elieth anaendelea vyema na kliniki, ingawa miguu inamvimba. Homa ya mapafu imepungua. Mvua huku ni za kutosha.

Nimepokea barua yako nikakaa nayo. Usinifikirie kwamba sina moyo. Umeniuliza maswali mengi kwa mkupuo na kwa lugha kali, nami ni mkubwa wako. Pia umeniaibisha mtaani kwangu mbele ya watu ambao wanajua kazi yangu. Kitambaa chenu hicho kimeleta balaa, na nilikwisha kukuonya juu ya kuingia katika nyua za watu.

Frida alitunzwa. Alikula, alilala penye neti. Wapo wanaotupwa.

Sasa naomba unisikilize kwa utulivu, na barua hii uichane. Mpango wa kumweka pale ulikuwa wa muda. Nilipopeleka posa kwa kina Elieth, wazee wao waliniuliza habari za watoto. Walikwisha kuchunguza kwamba mke wangu wa kwanza alifariki na kwamba kulikuwa na mtoto. Unajua watu wanavyosema, ulemavu uko kwenye damu ya ukoo, binti yetu atazaa nini. Niliinamisha kichwa. Sikusema neno lolote, Penina, naapa, sikutamka. Wao wakaelewa wanavyoelewa. Mzee mmoja akaniwekea mkono begani akasema, pole baba, Mungu alimpenda zaidi.

Ningemkatizaje? Kabla sijajua nifanye nini wakasema mkwe hawezi kuingia kwenye ndoa na msiba usioliwa matanga. Wakatandika mikeka. Watu wakaja kunihani, wakachinja mbuzi, mchungaji akasali na kutaja jina lake. Baada ya pale ningerudi kusema nini? Shule ingeniandikia, ada ingeonekana, likizo angekuja wapi? Kwa hiyo nilimtoa.

Huku, kwa watu wote, Frida amefariki. Elieth kila Novemba huwasha mshumaa kwa ajili yake. Amesema mtoto akiwa wa kike tutampa jina hilo.

Unaona nilivyobanwa. Elieth yuko katika hali ile, mshtuko unaweza kumdhuru yeye na mimba. Nakuomba kwa heshima ya baba yetu: waambie wale majirani ni binti wa mpangaji. Mrudishe kwa Mama Zaidi kwa muda, nitaongeza matunzo, nitamnunulia redio. Elieth akishajifungua nitaona la kufanya. Usipige simu. Usimwambie mama.

Nakutegemea wewe. Damu nzito kuliko maji.

Kaka yako,
Abeli


Nkuhungu
4 Mei 2025

Kaka Abeli,

Shikamoo. Mama hajambo. Yuko hapa kwangu, goti na yote. Amekuja kumsuka mjukuu wake nywele na hana mpango wa kuondoka. Nimemwambia. Sikuichana barua.

Nilipoisoma nilikuwa nimesimama jikoni, nikajikuta nimekaa sakafuni na ugali umeungua. Matanga? Mbuzi? Mtu anaombewa roho yake ipumzike huku anakula ugali na mlenda Chang'ombe? Mimi nimezoa mizoga ya mbwa, nimezoa vitu siwezi kuvitaja, nikadhani hakuna kitakachonitia kichefuchefu tena. Na wewe hukutamka neno! Kaka, uliinamisha kichwa, basi?

Nilitaka kumficha Frida barua yako. Nikaifutika chini ya godoro. Halafu nikasema, Penina, huyu mtoto amefichwa vya kutosha, nawe unataka kumficha? Nikampa. Aliisoma yote akiwa barazani, akaikunja, akaomba maji. Tangu siku ile hajalia. Mama ndiye analia kwa wote.

Hajarudi kwa Mama Zaidi na hatarudi. Kiti tumempatia, cha mkono wa pili, Yasinta kakishonea mto. Hakutaka kukaa ofisini. Alisema ofisi ni chumba kingine tu. Anakaa mbele kwenye guta ubavuni mwa Silvano, tumemchomelea kiti chenye mkanda, na kipaza sauti anakishika yeye. Asubuhi Chang'ombe nzima inaamshwa na sauti yake: "Mwenye ulemavu, tundika njano, tutaingia mpaka ndani!" Tukipita nyuma ya ukuta wako anaongeza sauti. Nyumba mpya zimeanza kutundika, nyumba ambazo majirani wenyewe walikuwa hawajui kuna mtu. Mengine tunayoyakuta huko ndani yananifanya nikose hamu ya kula.

Wale kina mama waliokuja kuhani wamekataa kuitwa waliokosea nyumba. Nilijaribu kuwaeleza, mmoja akanikata kauli, "Sisi tulikwenda kumlilia mtu na tulimkuta." Kila Jumamosi mmoja wao anakuja kumwangalia.

Namba ya Elieth ninayo. Vidole viliniwasha mara nyingi. Frida amenikataza. Kasema ana mimba, hana kosa lolote huyo mama, anayepaswa kumwambia ni baba. Umeona nani anayemwonea huruma mkeo?

Mimi sina la kuongeza. Nikiongeza nitatukana, na mama amekaa hapa. Nafasi iliyobaki nimempa mwenyewe, mwandiko ni wake.

Penina

*

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Nimesoma kuwa nilishafariki. Sikujua. Siku zile nilikuwa nahesabu honi za guta, nilidhani umesahau tu kuja.

Sikukasirikii kuhusu redio, ahsante. Kwa sasa siihitaji.

Nina swali moja. Siku mliyokaa kwenye mikeka, mchungaji alipotaja jina langu na watu wakakupa mkono wa pole, wewe ulilia? Bibi anasema lazima ulilia. Shangazi anasema hukulia. Mimi sijui, na nikiwa kazini naliwaza.

Usimjibu shangazi. Nijibu mimi. Na kwenye bahasha, nje, pale ambapo kondakta na watu wa huko watasoma, andika jina langu lote.

Frida Abeli